Chachu ya Fahali wa Nadhiri

Mama mkwe wangu alikuwa na mikono miwili mizima, yenye nguvu kuliko yangu, na binti yangu alifikisha miezi mitatu bila kupakatwa nayo hata mara moja. Mikono ile ilikuwa na kazi nyingine. Asubuhi ilikatakata majani, mchana ilisugua mgongo wa fahali kwa gunzi la mahindi, jioni ilichanganya pumba na molasi. Mgeni angeingia uani kwetu pale Gitega, mtaa wa Kigali, angedhani mjukuu wa bibi yule ni yule mwenye pembe.

Kumwonea wivu ng'ombe ni jambo la aibu, lakini wivu nilikuwa nao. Nilikaa mlangoni na mtoto mapajani, nikimsikiliza mama akimsemesha fahali kwa sauti ambayo mwanangu hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake: "Kula, baba. Kula, mpenzi wangu, unenepe." Fahali akimlamba kiganja, yeye anacheka. Mimi nameza mate machungu na kuingia ndani.

Sababu yake nyumba nzima tuliijua. Nilikuwa nimezaa mara mbili kabla ya huyu, na mara zote mbili mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto, akamviringisha kwenye nguo, akawa wa kwanza kumpakata. Wote wawili hatukukaa nao. Wa kwanza aliondoka kabla ya arubaini yangu kuisha, wa pili kabla hatujampa jina. Hakuna mtu aliyemlaumu mama. Alijilaumu mwenyewe, akasema mkono wake una uzito. Mimba ya tatu ilipoingia mwezi wa mwisho na mimi nimevimba uso na miguu, alisimama kwenye msala akaweka nadhiri kwa sauti, tukasikia sote: Mwenyezi Mungu akituacha hai mimi na mtoto, atachinja fahali mnono siku ya Idi ya kuchinja, majirani wale washibe. Na mpaka siku hiyo mtoto hatamgusa.

Mungu alituacha sote wawili. Ikabaki zamu ya fahali.

Wahenga wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakutaja kwamba katikati ya kazi hizo mbili yaweza kuwapo ya tatu, kulea dume la ng'ombe ndani ya ua ambao kuku wawili wakikutana mmoja lazima ampishe mwenzake. Mume wangu alikuwa muuza nyama, mwana wa muuza nyama, na bucha yetu ilikuwa ng'ambo ya njia. Tangu vita vianze kaskazini mwaka uliotangulia, ng'ombe wa huko walikuwa hawaji tena kama zamani, na waliofika Kigali walifika mbavu nje. Mume wangu akajenga banda nyuma ya jiko, akawa ananunua madume yaliyokonda, anayalisha papo hapo hadi yapate mwili, ndipo anayapeleka machinjioni. Lile banda lilichukua matatu. Mama alipita akayafungua midomo moja baada ya jingine, akahesabu meno kama mtu anayechagua mchumba wa mwanawe, akaweka mkono juu ya lile jekundu lenye pembe ndefu. "Huyu ni wa Mungu," akasema. "Msimguse."

Sasa, fahali wa Mungu ana masharti. Mgonjwa hafai, aliyekonda hafai, kilema hafai. Mama aliyajua masharti hayo tangu utotoni, na yalimtia hofu kiasi kwamba alimlisha yule fahali kwa hofu tupu. Wale wawili wa mume wangu walipata majani ya tembo, maganda ya ndizi, mabua, na pumba kidogo juu. Wa mama alipata pumba kwanza, na pumba baadaye, na molasi juu ya pumba. Mume wangu alimwambia, "Mama, polepole." Alijibiwa kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwa kushibishwa na hakufa.

Mvua za masika zilipokuwa zimekolea, fahali akaacha kucheua. Kinyesi chake kikawa cha majimaji, cha kijivu, kina mapovu na harufu ya siki. Ubavu wa kushoto ukafura, ukiugonga kwa kidole unalia ngo. Alisimama ameinamisha kichwa, hatazami hori. Mama aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele yake, akamshika pua, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona analia. Hakulia tulipozika. Nadhani siku zile alijizuia kwa ajili yangu.

Mimi nilisimama na mtoto wangu mgongoni, nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona: fahali yule akifa, mtoto hatapakatwa mwaka huu. Na mama miguu ilikwishaanza kumvimba, pumzi inamkata akipanda mteremko wetu. Mwaka mwingine ulikuwa mbali sana kwake. Hasira yangu yote ikageuka, nikaanza kumwombea ng'ombe.

Mume wangu alimleta daktari wa mifugo aliyekagua nyama machinjioni, rafiki yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye buti za mpira na tai, amesomea Ulaya, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali kabisa. Aliweka sikio ubavuni mwa fahali, akasikiliza muda mrefu, kisha akanusa kinyesi bila kukunja uso.

"Bon," akasema, akimgeukia mama kwa jina la heshima la bibi kizee. "Mukecuru, huyu umemupa pumba nyingi?"

"Nimempa alichotaka," mama akajibu.

"Iko hivi. Ndani ya tumbo ya ng'ombe iko wadudu wadogo-wadogo, wengi sana, hauwezi kuwaona na macho. Wewe haulishi ng'ombe. Wewe unalisha wale, na wale ndiyo wanalisha ng'ombe. Sasa umewamwagia pumba na molasi, tumbo imekuwa asidi, wamekufa. Ng'ombe iko na chakula tele, lakini haiko mtu wa kumupikia."

Mama alimtazama fahali kama aliyeambiwa kwamba amemfungia mpishi nje. Daktari akamgeukia mume wangu, akamuuliza kesho asubuhi wanachinja nini. Mume wangu akasema dume moja zima kutoka Bugesera, lenye afya. "Tumbo yake ya kwanza, ile maji ya ndani, musimwage. Ukamue, uchuje, ulete ikiwa ya moto. Ikipoa, imekufa."

Hapo mume wangu alicheka peke yake. Maisha yake yote, na ya baba yake, maji yale ya kijani yalimwagwa mferejini, yanakwenda bondeni na inzi. Kesho yake alipanda kutoka machinjioni kwa baiskeli, dumu amelifunga kwa blanketi la mtoto wangu na kulikumbatia ndani ya koti, ananuka kinyesi kuanzia kidevu hadi magoti. Watu wa Gitega, ambao hawakosi neno, walimuuliza kama amepata mtoto mwingine. Alipita mbio, dumu lisipoe. Daktari alimkamata fahali taya, mume wangu akamimina, mimi nikashika mkia kwa sababu niliambiwa nishike mkia, na hadi leo sijui mkia ulihusika vipi.

Kesho yake mchana fahali alicheua. Kidogo, kwa uvivu, taya linakwenda upande huu na upande ule, lakini alicheua. Mama akasema alhamdulillahi, akanishika bega. Sikumbuki kama aliwahi kunishika bega kabla ya hapo.

Lakini daktari alituonya kwamba kazi haijaisha. Tumbo limepandwa upya, na mche mpya unataka kutunzwa. Pumba zipunguzwe, zirudishwe kwa kuongeza kidogo kidogo. Majani makavu kwanza, pumba baadaye. Na kila siku apewe chachu hai. Ulaya, alisema, wanayo ya unga, imefungwa kwenye pakiti, wanaowanenepesha ng'ombe wanawanyunyizia kama sisi tunavyonyunyizia chumvi. "Chachu yenyewe hainenepeshi," akasema. "Inasaidia wale wapishi, inazuia tumbo isiwe kali tena. Hapa pakiti hakuna. Lakini jirani yako si anapika ikigage? Omba machicha yake. Ikiwa mabichi, ingali na povu."

Jirani yetu alikuwa mjane Mkatoliki, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili. Alipika ikigage, pombe ya mtama, kwenye ua uliopakana na wetu, ukuta wa matete katikati, na wateja wake waliimba Jumapili kuanzia baada ya misa. Mama mkwe na yeye walisalimiana vizuri kila asubuhi na kulalamikiana vizuri kila Jumapili. Nilitumwa mimi kuomba. Jirani hakuniacha nimalize. Alijaza ndoo machicha ya mtama, yenye joto la kuchachuka, yanatoa mapovu kama kitu kinachopumua, akaniambia, "Kila siku nikipika, njoo. Haiko neno. Mimi nilikuwa natupa."

Mama aliipokea ndoo, akainusa, akarudi nyuma hatua moja. Pombe! Kisha akawasha moto, akamimina machicha yote kwenye sufuria kubwa ya pilau, akayachemsha. Aliyachemsha mpaka mvuke ukajaa jikoni na macho yetu yakawasha, huku akisema polepole, "Toka, ulevi, toka." Yalipoiva kabisa, yamekuwa uji mzito usio na harufu ya kitu chochote, akayapoza na kumpelekea fahali wake. Moyo wake ulikuwa safi. Angempa Mungu fahali ambaye hakuonja hata tone.

Akafanya hivyo siku zote. Fahali alikula, kwa kuwa machicha yaliyochemshwa ni chakula vilevile, lakini hakuendelea. Siku mbili anacheua vizuri, siku ya tatu kinyesi kinalegea. Wale wawili wa mume wangu, ambao mume wangu aliwatupia machicha mabichi bila kumuuliza mtu, walikuwa wanang'aa manyoya. Wa mama manyoya yalisimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Idi inakuja. Mama akaanza kuamka hata kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kumtazama, na kila akirudi ananipita na mtoto wangu bila kututazama, na najua sasa kwamba hakuwa na uso wa kututazama nao.

Mimi ndiye niliyegundua, na niligundua kwa sababu nilikuwa nauza maandazi mlangoni. Mtu aliyeumua unga kila siku ya maisha yake anajua kitu kimoja: maji ya hamira yawe vuguvugu, kidole kivumilie. Ukimwagia maji ya moto, hamira imekufa, na andazi lako litavunja jino la mteja. Nilikuwa nakanda, namsikia mama jikoni anawasha moto chini ya sufuria ya machicha, na mkono wangu ukasimama ndani ya unga.

Lakini utamwambiaje mama mkwe? Kwetu waswahili wa Gitega mke wa mwana hamsahihishi mama mkwe, hata akiona nyumba inaungua anasema, "Mama, naona leo kuna joto." Kumwambia mume wangu amwambie kungekuwa kumchongea. Nikachukua bakuli mbili. Moja nikaumua kwa maji vuguvugu, nyingine kwa maji yaliyochemka, unga uleule, hamira ileile. Nikazifunika vitambaa, nikaziweka juu ya benchi pale anapokaa kuchambua mchele, nikaenda kumnyonyesha mtoto na kubana sikio ukutani.

Alikaa. Alifunua moja, unga umefura umemwagika ukingoni. Alifunua ya pili, umelala kama jiwe la kusuguliwa miguu. Kisha nikasikia, "Njoo hapa, mshenzi wewe."

Nikatoka na mtoto kwenye titi.

"Hii umeimwagia maji ya moto."

"Ndiyo, mama."

"Kwa makusudi."

"Ndiyo, mama."

Aligeuza kichwa, akaangalia jikoni, ambako sufuria ilikuwa inatoa mvuke. Aliinuka akaiepua. Alisimama nayo mikononi hajui aiweke wapi. "Basi nimekuwa nikiwaua," akasema. "Kila siku nawapelekea maiti." Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa yote mawili hayakuwezekana nilimpa kigoda akae.

Tatizo likawa limehama tu. Machicha yakichemka hayana uhai. Yasipochemka yana pombe. Mume wangu alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, naye akajibu kwa upole kwamba ng'ombe halewi akawa haramu, na kwamba moyo ukiona shaka mnyama atengwe, alishwe kilicho safi kwa siku kadhaa kabla ya kuchinjwa, yatosha. Mume wangu alirudi na furaha kana kwamba ameishinda kesi. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu kasema kweli," akajibu. "Lakini nadhiri hakuiweka mwalimu. Niliiweka mimi, na moyo wangu haujaridhika. Sitampelekea Mungu fahali aliyenenepa kwa pombe nikamwambia hii ni shukrani ya mtoto."

Mume wangu alikwenda bucha, mimi nikabaki na hasira yangu ya zamani imerudi na wenzake. Nilimwona mwanangu anakua, anatabasamu kwa kila mtu, ananyoosha mikono kwa kila mtu, na bibi yake anazunguka ua ukutani ukutani ili asipite karibu yake.

Aliyetutoa pale ni jirani. Matete hayazuii sauti, na kwetu tulisema kwa sauti. Mchana huo aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa kitenge cha kwenda kanisani, akavua viatu. Alimsalimu mama kwa mikono miwili.

"Mukecuru, nimesikia. Munisamehe, sikusikiliza kwa kutaka. Mimi dini yenu sijui vizuri, lakini kupika najua. Kabla ikigage haijakuwa ikigage, inakuwa bushera. Mtama umeota, umesagwa, umetiwa maji ya moto, umepoa, umeongezwa unga mwingine mbichi, umeachwa ulale siku moja. Inakuwa kali kidogo, inatoa povu. Pombe haijaingia. Watoto wanakunywa. Hata watoto wenu wanakunywa kwangu, musiwapige."

Mama alikohoa. Ilikuwa kweli, mume wangu mwenyewe alikulia kwenye bushera ya ua ule.

"Lakini chungu chako," mama akasema kwa taabu, kwa kuwa lilikuwa neno zito kumwambia mtu ndani ya nyumba yako, "chungu chako kimepika pombe miaka yote."

"Ni kweli," jirani akasema. "Ndiyo sababu nimenunua kingine."

Alikuwa amekiacha mlangoni. Kilikuwa kipya, bado kina vumbi jekundu la mfinyanzi, na hakikuwahi kuonja kitu. Akasema atakipikia peke yake, kwenye mafiga mengine, kwa mwiko mwingine, na kama mama ana wasiwasi aje asimame atazame. Mama hakwenda kusimama. Alimshika jirani mikono, akasema, "Mungu akuone." Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, mbele ya madume matatu ambayo hayakujali.

Daktari alipoambiwa habari ya bushera alifurahi kuliko sisi. Alisema ni bora kuliko machicha, kwa kuwa ndani yake kuna chachu na kuna pia vile vidudu vinavyogandisha maziwa, na tumbo linavihitaji vyote. Ila isizidi kibakuli asubuhi na kibakuli jioni. Mama, ambaye hakuwahi kumpimia mtu chakula maisha yake, alijifunza kupima. Majani makavu kwanza. Maji. Kibakuli cha bushera juu ya pumba, kidogo, kesho kidogo zaidi. Kila asubuhi jirani aliita juu ya ukuta, "Mukecuru! Wapishi wameamka?" Mama anapokea kibuyu na kujibu, "Wanadai chai." Walikuwa wanawake wawili wazima, wakichekea tumbo la ng'ombe kila siku ya Mungu.

Fahali akaanza kujaa. Kwanza kinyesi kikashikana, kisha manyoya yakalala, kisha yale mashimo ya nyonga yakazibika, mwishoni shingo ikawa na mkunjo. Na jirani, katika kuja na kwenda, alimchukua mwanangu mgongoni ili mimi nikaange maandazi. Mtoto alilala mgongoni mwake akinusa mtama, wateja wa pombe wakinong'ona ili wasimwamshe. Jambo hilo sikulipanga na sikulizuia.

Watu wakisikia Kigali ya miaka ile wanataja jambo moja tu, na wana haki ya kulitaja. Mama mkwe alikufa kitandani pake, mwaka mmoja baadaye, sisi tumemzunguka. Jirani yangu hakupewa bahati hiyo. Hakuumaliza mwezi wa nne wa mwaka tisini na nne, na mimi sikuwa na uwezo wa kumlipa hata robo ya alichotutendea. Nimeliandika hili hapa katikati, pamoja na pumba na bushera, kwa sababu sitaki mwisho wake uwe ndio habari yake yote. Alikuwa mtu aliyenunua chungu kipya kwa ajili ya shaka ya moyo wa mtu mwingine.

Siku ya Idi kulikuwa na jua la kiangazi na upepo wenye vumbi. Tulirudi kutoka kuswali, mume wangu akanoa kisu mbali na fahali, maana mnyama haonyeshwi kisu. Mama alimwogesha mwenyewe, akampa maji, akamnong'oneza jambo sikioni. Kisha akamwachia kamba mwanawe na kuingia ndani mpaka tuliposikia takbira na kimya kilichoifuata. Mume wangu alipofungua tumbo alimwita daktari, ambaye alikuwa amealikwa na kuvaa tai. Wawili hao waliinama juu ya tumbo la kwanza kama watoto juu ya kisima. Lilikuwa safi, vinyweleo vyake vimesimama vyeusi na imara kama zulia. "Angalia," daktari akaniambia, "wapishi walikuwa kazini mpaka leo."

Nyama ya nadhiri mwenye nadhiri haili, wala watu wa nyumba yake. Kwa hiyo ilitoka yote. Mume wangu alikata mafungu, mama akiwa amesimama juu yake, na fungu la kwanza, paja zima, akasema liende ng'ambo ya ukuta wa matete. Shemeji mmoja mzee akauliza kama nyama ya nadhiri inaruhusiwa kwenda kwa asiye Mwislamu, au angalau si kwanza.

"Nilisema majirani," mama akamjibu. "Mungu alinisikia vizuri. Wewe hukuwapo."

Paja likaenda. Nyumba za chini zikapata, na za juu, na wazee wa msikitini, na wale walevi wa Jumapili pia, hadi ubao ukabaki na damu tu. Ilipofika alasiri nyumba za Gitega zote zilinukia nyama isipokuwa yetu, ambayo ilikuwa inachemsha maharage. Hapo jirani akaingia kwa mlango wa mbele tena, ameshika kuku jike mnene, mzima, amefungwa miguu kwa uzi wa kitenge. Akampa mume wangu.

"Nimekuta munapika maharage siku ya sikukuu," akasema. "Huyu ni wa kwangu, haiko na nadhiri. Sikumuchinja. Chinja wewe, mule."

Tulikula kuku wa Mkatoliki siku ya Idi, kwa halali yote, na sijala kitu kitamu kuliko kile. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya sahani, jambo ambalo huwa nalifanya moyoni.

Baada ya kula mama alinawa mikono. Alinawa mpaka viwiko, kama mtu anayekwenda kuswali, akaifuta kwa khanga safi, akaketi mkekani ameegemea ukuta, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Mtoto alikuwa mgongoni mwa jirani.

"Nileteeni," akasema.

Jirani alimfungua mtoto, akampa mimi, nami nikapiga magoti nikamweka kwenye mikono ile. Mama alimtazama usoni. Mtoto naye alimtazama yule mwanamke aliyemkwepa maisha yake yote, akakunja midomo, akaangua kilio cha kusikika bondeni. Alijipinda, alirusha miguu, alinyoosha mikono kwa jirani, kisha kwangu. Nikainama haraka kumchukua, nimeona aibu, naomba radhi.

Mama alinizuia kwa kiwiko. Alimkumbatia kifuani, akaanza kuyumba naye polepole, machozi yake yanamdondokea mtoto kichwani.

"Mwache alie," akaniambia. "Anayelia yuko hai."